Kijana wa Meza ya Saba

Mjini Puebla, kwenye mkahawa ulio nyuma ya soko la maua,
Eleuterio ametimiza miaka sabini na mmoja.
Meno ya juu si yake.
Goti la kushoto linalia kama bawaba.
Na bado mtu akikosa chumvi anaita: Kijana!

Kijana, bili. Kijana, kisu hiki butu.
Mtoto wa chuo, ndevu zake hazijakubaliana ziote wapi,
anainua kidole: Kijana!
Na mzee wa watu anageuka,
sahani nne mkono mmoja,
koti jeupe limekazwa kwa wanga:
"Naam, bwana mkubwa."

Mimi hukaa kwenye sanduku la fedha.
Nahesabu chenji, nahesabu na makosa ya watu.
Siku moja tukikunja vitambaa nikamwuliza:
Jina hilo halikuumi?
Akasema, jina lenyewe halina meno.
Kinachouma ni mluzi,
na wale wanaogonga glasi kwa uma.
Kuna mmoja alimfanyia pst, kama anafukuza paka.
"Supu yake," akasema, "ilisafiri mbali sana siku hiyo."

Akanikumbusha msichana mmoja, mgeni, mpole kupita kiasi,
aliyesimama kumpokea sahani
akimwita mzee wangu, shikamoo zote na pole juu yake.
"Siku ile ndipo nilipojua nina goti."

Sikukubali. Si mwepesi wa kukubali.
Lakini sokoni mwuza nyanya huniita Mweupe,
mimi niliye mweusi kama sufuria ya maharage,
na nikiitwa hivyo naongeza kilo.
Na jikoni, je? Meza ya pili ni Bibi Limau.
Ya tano, Rudisha-Supu.
Yule mhandisi wa barabara tunamwita Nusu Bahashishi,
na mpishi akilitamka hucheka mpaka ashike ukuta.
Majina yetu hayavuki mlango wa jikoni.
La kwao linapaa juu ya meza zote.
Labda tofauti yote ni hiyo.
Labda hata hiyo si tofauti.

Januari Eleuterio akalazwa. Mapafu.
Wakili Arizmendi, miaka ishirini na sita meza ile ile ya saba,
akautazama mkate bila kuugusa.
Yuko wapi kijana?
Kijana yupi? nikasema, na nilimjua.
Yule... Akachora masharubu hewani.
Akapima kimo kwa kiganja, kama anayenunua kabati.
Yule anayejua kwamba sili kitunguu.
Yule aliyeacha kuandaa sahani ya pili
mke wangu alipofariki, na sikuwa nimemwambia.

Macho yakamlowa. Si mtu mbaya.
Hilo ndilo lililonitibua.
Akatoa noti, akazitia kwenye bahasha, akaomba kalamu,
na kalamu ikasimama juu ya karatasi
kama mtu aliyesahau kilichompeleka chumbani.

Ningeweza kumtajia. Herufi tisa tu.
Nikainama, nikahesabu chenji ambayo hakuna aliyeidai.
Akaandika.

Hospitalini Domitila, mkewe, akaisoma bahasha
kwa kuinyoosha mkono mzima, maana miwani aliisahau:
Kwa Kijana.
Akamtazama mumewe alivyolala,
mpira puani, meno ndani ya bilauri.
"Hata mimi," akasema, "sijamwita hivyo
tangu tuhame Atlixco."
Akazitoa fedha, akazihesabu mara mbili.
Bahasha akaikunja ndogo, ndogo zaidi, akaitia kifuani,
nami mpaka leo sijui
kama aliitunza
au aliificha.